Mahojiano ya Sembène: kitabu nilichokisoma kwa kurukaruka

Kopi yangu ni mtumba. Niliiagiza mtandaoni, ikachukua wiki saba kufika Dar, na ilipofika gundi ya mgongo ilishakauka, kwa hiyo kurasa za mwanzo nazishikiza kwa kibanio. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akipigia mistari kwa penseli. Baada ya kurasa sitini hivi mistari inakoma. Nilipofika hapo nikamwelewa, nitaeleza.

Kitabu ni Ousmane Sembène: Interviews, kimehaririwa na Annett Busch na Max Annas, kikatolewa na University Press of Mississippi mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya mzee huyo, mwandishi na mwongozaji filamu wa Senegal, kufariki. Ni mahojiano ya miaka arobaini, mengi yametafsiriwa kutoka Kifaransa.

Mazungumzo ya 1965 na Jean Rouch peke yake yamerudisha pesa yangu. Rouch, Mfaransa, ameshapiga filamu nyingi Afrika Magharibi na jina lake ni kubwa. Sembène ana filamu fupi chache tu mkononi. Lakini anamwambia usoni kwamba yeye na wenzake wanatutazama Waafrika kama wadudu. Na si chuki, maana humo humo anaisifu Moi, un noir, filamu ya Rouch huyo huyo.

Mandabi, filamu yake ya 1968, ndiyo iliyonifanya nifunge kitabu nikairudie filamu. Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar mwenye wake wawili na watoto saba, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na siku aliyozaliwa haijui. Huku nyuma mchele unakopwa dukani kwa kutegemea pesa hiyo hiyo. Aliyewahi kupanga foleni na bahasha ya kaki kwapani hahitaji mhakiki wa kumfafanulia. Filamu ilipigwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu, lugha ya wengi Senegal, na Sembène hachoki kueleza kwa nini Kiwolofu: alikuwa mwandishi wa riwaya akaenda kusomea filamu Moscow ili awafikie wasiosoma Kifaransa. Sisi tuliokua tukiona filamu za Kiswahili kila kibanda tunaweza kudhani hilo ni jambo dogo.

Kisa cha Ceddo, filamu yake nyingine, nilikisoma kwa kicheko. Serikali ya Senghor, rais mshairi wa Senegal, iliizuia filamu ile, na sababu iliyotolewa ni kwamba jina linatakiwa kuandikwa kwa d moja. Mzee akagoma kuifuta ya pili.

Sasa penseli. Waandishi wanamuuliza mambo yale yale: kwa nini uliacha vitabu, kwa nini Kiwolofu, hela unapata wapi. Majibu nayo yanafanana, na ukisoma mfululizo utasinzia. Halafu anayetaka ufundi atapata kidogo. Mwongozaji Truffaut alipomhoji mwongozaji mwenzake Hitchcock tuliambiwa hadi kwamba glasi ya maziwa kwenye filamu yake Suspicion ilitiwa taa ndani ili jicho lisiiache. Huku ni siasa, lugha na fedha, kamera kwa nadra. Mimi sikujutia, ila usikinunue kabla hujaona walau filamu zake mbili.

Nimebaki na Ceddo. Kopi ya filamu niliyo nayo, maandishi ya tafsiri chini ya picha ni meupe na yanamezwa na mchanga. Mwenye safi aniambie.