Kurusha sauti mubashara kwa simu: uzoefu wangu na UCA202 na Icecast

Hivi ndivyo vifaa ninavyotumia kurushia mawaidha, mikutano na harusi: simu ya Android, kadi ndogo ya sauti ya Behringer UCA202, na seva ya Icecast, yaani programu inayopokea sauti yangu na kuisambaza kwa wasikilizaji mtandaoni. Niseme mapema kwamba simu ya kawaida inatosha. Matangazo huharibikia sehemu mbili, pale sauti inapoingia kwenye simu na pale mtandao unapokatika. Pesa na muda wako viweke hapo.

Tukianza na waya, tundu la hedfoni la simu linatarajia maiki ya milivolti chache tu, ilhali mikisa inaweza kutoa volti nzima. Ukichomeka moja kwa moja sauti inapasuka, na ukishusha kiwango ndani ya programu ya kurushia hupati kitu, maana imeshapasuka kabla haijaifikia programu. UCA202 imeundwa kupokea sauti ya ukubwa wa mikisa. Toa waya wa plagi mbili, nyekundu na nyeupe, kwenye Rec Out au Tape Out ya mikisa, uingize upande ulioandikwa Input, kisha USB yake iende kwenye simu kupitia kiunganishi cha OTG, kile kinachoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. Haihitaji draiva. Angalia tu kama simu yako inakubali OTG, si zote.

Baadhi ya programu zikiwekwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya kushoto na kulia, huchukua upande wa kushoto peke yake. Kama fundi wa mikisa amezungushia maiki moja kulia, msemaji huyo hatasikika hewani kabisa ingawa ukumbini anasikika vizuri. Mwombe aweke zote katikati. Vilele vya sauti viache kati ya desibeli −12 na −6 kwenye kipimo cha programu, ambapo 0 ndiyo mwisho. Watu wakishangilia utaihitaji hiyo nafasi.

Swichi ya Monitor kwenye kadi hiyo hukusikilizisha kinachoingia, na si kinachotoka hewani. Kwa hiyo lazima uwe na simu ya pili, yenye laini ya mtandao mwingine, inayosikiliza kama msikilizaji wa kawaida. Itachelewa kwa sekunde kadhaa na hilo si kosa. Icecast humtumia msikilizaji mpya akiba ya kilobaiti 64 (burst-size), na kwa kilobiti 64 kwa sekunde hiyo peke yake ni sekunde 8. Ukishusha ubora hadi kilobiti 32, inakuwa sekunde 16.

Mimi hurusha MP3, mono, kilobiti 64. Kwa hotuba inatosha na haimalizi bando: kama MB 29 kwa saa, kwako na kwa kila msikilizaji. Seva ndiyo inayobeba mzigo. Wasikilizaji 200 ni karibu GB 5.8 kwa saa, hivyo kagua kifurushi cha seva kabla ya shughuli. Opus, aina nyingine ya kubana sauti, ni bora zaidi kwa kiwango hichohicho, lakini husafiri ndani ya mikondo ya Ogg, ambayo iPhone za zamani hazichezi. Cool Mic, programu nzuri ya bure ya kurushia, hurusha Opus na Vorbis tu, na zote mbili ni za Ogg. Wajue wasikilizaji wako kabla hujachagua.

Sasa mtandao, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtandao ukikatika ghafla, Icecast husubiri sekunde 10 (source-timeout) ndipo imhesabu mrushaji kuwa ameondoka. Simu yako ikirudi baada ya sekunde 4 kwa muunganisho mpya, seva bado imemshikilia yule wa zamani, kwa hiyo inajibu kwamba anwani ya mkondo inatumika na kukukataa. Kuna programu zinazojaribu mara moja, zikikataliwa zinakaa kimya, na wewe unaona skrini iko sawa. Weka ijaribu tena kila sekunde 5 bila kikomo. Source-timeout iache hapohapo 10. Ukiishusha sana, kila mtandao ukisuasua kidogo utatupwa nje.

Kwenye seva weka pia fallback-mount, mkondo wa akiba unaowapokea wasikilizaji matangazo yako yakikatika, na fallback-override iwe 1 ili warudishwe wenyewe ukirejea hewani. Akiba hiyo iwe na umbo lilelile: MP3, mono, kilobiti 64, idadi ileile ya sampuli kwa sekunde. Ikitofautiana, vicheza sauti vingine hukwama wakati wa kuhama. Bila akiba wasikilizaji wote hutupwa nje, na wengi hawabonyezi tena kusikiliza.

Kwenye simu yenyewe, itoe programu kwenye orodha ya kubana betri, la sivyo Android inaweza kuizima programu hiyo pale skrini inapolala. Mlio wa bz-bz-bz kwenye spika ni simu iliyoshuka 2G karibu na nyaya; ifunge kwenye 4G na uisogeze mita moja. Mngurumo mzito unaoanza ukichomeka chaja unatokana na mzunguko wa umeme kati ya chaja na mikisa. Tumia pawabenki.

Halafu wito wa simu. Hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb) inazima mlio tu. Simu isiyopiga kwa 4G ikipigiwa hushuka 3G au 2G, na mkondo unaweza kukatika. Nahamisha wito wote kwa *21*, namba nyingine, kisha #, dakika kumi kabla ya kuanza. Ukimaliza piga ##21#, maana uhamisho huo unabaki hata ukizima simu.