Mgahawa wa samaki ufukweni Bagamoyo: changu hana kasoro, papa ana maswali

Mgahawa huu uko jirani na soko la samaki, na nilifika Jumamosi adhuhuri nikiwa na wifi yangu, mjamzito wa miezi mitano. Changu wa kukaanga alikuwa wa siku hiyo hiyo, ngozi imekauka vizuri na nyama ingali na utamu wake, na ugali uliletwa wa moto. Kwa upishi sina neno.

Neno ninalo juu ya papa mkavu wa nazi, ambaye mhudumu alimsifia wifi akisema, "Dada, huyu anamjenga mtoto tumboni." Nia ilikuwa njema, ila ushauri haukuwa sahihi. Zebaki inayofika baharini hugeuzwa na bakteria kuwa methilizebaki, ikaingia katika vijidudu, kisha katika samaki wadogo wanaovila, hata papa au nduaro aliyewinda miaka mingi akawa amelimbikiza mwilini sumu ya wote aliowameza. Kwa mjamzito sumu hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kuufikia ubongo wa mtoto, na ndiyo maana Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huwataka wajawazito waepuke samaki hao wawili.

Mpishi, tena kwa upole, alinihakikishia kwamba maji ya kwanza yakimwagwa kila kibaya kinaondoka. Kinachoondoka ni chumvi. Methilizebaki imeshikamana na protini za nyama yenyewe, haitolewi kwa moto wala kwa kuchuna ngozi, na kukausha kunaizidisha katika kila kipande, kwa kuwa maji hupotea nayo ikabaki. Mwaka 2018 Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula duniani, ilipanga kikomo cha miligramu 1.6 kwa kilo ya papa mbichi au wa barafu. Papa mkavu, aliyepungua uzito, anahitaji hadhari zaidi.

Wifi alimaliza changu wake na kuongeza vibua wawili, maana samaki wadogo wenye maisha mafupi huwa na zebaki kidogo, na mafuta ya omega-3 waliyo nayo yanahitajiwa na mtoto yule yule.

Nitarudi, na changu nitamwagiza tena. Ombi langu ni kuhusu ubao wa bei: umeandikwa "samaki wa nazi" tu, na kama tusingeuliza, tusingejua kuwa siku hiyo alikuwa papa.