Skani ya mifupa: fundi nampa nyota tano, mapokezi mbili

Sindano yenyewe haina lolote, inauma kama ya kutoa damu. Kilichonishtua ni fundi kuja na bomba lililovikwa ala nene ya madini ya risasi. Akanidunga, akarudi nyuma upesi. "Mama, sasa anayetoa miale ni wewe, si mashine." Nikadhani ananitania.

Nilitibiwa saratani ya titi mwaka juzi. Mgongo ulipoanza kuuma, daktari akataka kujua kama ni umri au ugonjwa umefika mfupani. Dawa inaitwa teknetiamu-99m, ndiyo inayotoa miale, imeshikizwa kwenye kemikali inayofanana na fosfeti, na kemikali hiyo hukimbilia mahali mfupa unapojijenga. Hapo kamera huona doa. Ila hata baridi yabisi huweka doa, kwa hiyo usilie kabla ya kusomewa majibu.

Sasa malalamiko. Siku ya kwanza nilitoka mtaa wa Umoja hapa Nairobi alfajiri, nikafika hospitalini nikaambiwa nirudi Alhamisi, dawa haijafika. Fundi ndiye aliyenieleza baadaye: nguvu yake hupungua nusu kila saa 6, haiwezi kuwekwa kabatini. Asubuhi huikamua, ndivyo wanavyosema, kutoka chombo chenye molibdenamu-99, ambayo hugeuka polepole kuwa teknetiamu hiyo, nayo hupungua nusu kwa saa 66. Chombo huletwa kwa ndege. Ndege ikichelewa, hakuna skani. Hilo nimelielewa. Lakini kunipigia simu kungewagharimu nini?

Baada ya sindano unakaa kama saa tatu, unakunywa maji, unakwenda haja ndogo, unakunywa tena. Hakuna aliyeniambia nije na maji. Beba lita mbili zako. Na kabla ya kulala kwenye mashine nenda choo tena hata kama hujisikii, maana kibofu kikijaa kinang'aa na kuficha nyonga.

Mashine haina kelele, ila kamera inapita karibu na pua hadi unaogopa kupiga chafya. Nusu saa hivi, umelala bila kutikisika. Mjukuu wangu wa miezi minane nililazimika kumwacha kwa shangazi yake hadi kesho yake, na hilo ndilo lililoniuma kuliko sindano.

Nilipoinuka nikachungulia skrini. Mbavu zangu zote, uti wote, na doa jeusi tii kwenye kiwiko cha kulia. Roho ikaniruka.

"Hapo ndipo nilipokudunga, mama," fundi akasema. La mgongo nalo lilikuwepo, hafifu. Baridi yabisi.