Mafunzo ya Siku Mbili ya Kuchagua Habari, Mombasa: Zoezi Bora, Kalenda Pungufu

Ada ni shilingi 3,500 kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Chai ya saa nne na chakula cha mchana vimo ndani ya ada. Ukumbi uko ghorofa ya pili upande wa Digo Road, na darasa halizidi watu 18. Wanaokuja ni wanafunzi wa uanahabari, watangazaji wa redio za jamii, maafisa wa mawasiliano wa mashirika, na wale wanaoendesha makundi ya WhatsApp ya habari za mtaa kuanzia Bamburi hadi Likoni. Somo ni moja tu: katika mambo yote yaliyotokea leo, lipi liingie kwenye taarifa ya habari, lipi liachwe, na kwa sababu gani. Kamera hazifundishwi, wala namna ya kukaa mbele ya maikrofoni. Waandaaji wamefanya vyema kujibana hivyo, maana kuchagua ndiko kazi inayofanywa kila siku na kufundishwa kwa nadra.

Kitovu cha siku ya kwanza ni zoezi la vikaratasi. Kila meza ya watu sita hupewa vikaratasi 24, kila kimoja kikiwa na sentensi mbili tatu za aina inayofika chumba cha habari kabla ya saa nne asubuhi. Gavana ataongea na wanahabari. Mshukiwa atafikishwa katika mahakama ya Shanzu. Bei ya vitunguu imepanda Kongowea. Shirika limepanda mikoko Tudor na limetuma picha kumi na mbili. Mabomba ya mtaa mmoja wa Kisauni yamekauka wiki ya tatu sasa. Mwanamuziki ameoa. Kazi ni kutengeneza taarifa ya saa saba mchana, ya dakika kumi, na saa ya ukutani inahesabu kweli.

Kabla ya kuchagua, mkufunzi hulazimisha hesabu, na hapa ndipo wengi wanapozinduka. Dakika kumi si dakika kumi. Muziki wa ufunguzi na salamu hula sekunde 20, vichwa vya habari 40, tangazo la biashara dakika nzima, michezo dakika moja na nusu, hali ya hewa sekunde 30. Zinabaki dakika sita, yaani sekunde 360. Ukiweka habari nne zenye sauti ya mhusika kwa sekunde 60 kila moja, na nne zisizo na sauti kwa sekunde 30, umejaza. Msomaji wa Kiswahili asiyekimbia husoma takriban maneno 110 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo habari ya nusu dakika ni maneno 55 au 60. Habari ya dakika moja yenye klipu ya sekunde 20 humwachia ripota maneno 73 hadi 80 ya kwake. Vikaratasi ni 24, nafasi ni nane. Kumi na sita vitabaki mezani hata kama vyote ni vya kweli na vyote vina watu ndani yake.

Vigezo vinavyotolewa ni maswali sita, nayo yamepangwa vizuri. Nini kimebadilika tangu taarifa iliyopita? Kinawagusa watu wangapi, na kwa kina gani? Kiko umbali gani na msikilizaji? Nani anahusika? Kinashangaza? Na la mwisho, ambalo vitabu vingi huliweka pembeni: kinaweza kuthibitishwa kabla ya saa saba? Mkufunzi anaeleza yanakotoka bila kuwachosha watu. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichunguza jinsi magazeti ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro, wakaorodhesha mambo 12 yanayolifanya tukio liwe habari. La kwanza katika orodha yao lilikuwa mwendo wa wakati: tukio linaloanza na kuisha ndani ya mzunguko wa chombo cha habari huchukuliwa upesi, na jambo linalokwenda polepole hupitwa. Gazeti hutoka mara moja kwa siku. Kisichotokea kwa siku moja hakina pa kukaa. Darasa zima limejengwa juu ya hoja hiyo, na ni hoja sahihi.

Ushahidi wake unakuja saa sita na dakika arobaini. Taarifa ikiwa imekwisha kupangwa, mkufunzi huweka kikaratasi cha 25 kwenye kila meza: feri imesimama katikati ya kivuko cha Likoni, abiria wamo ndani. Inahitaji sekunde 90 na ikae ya kwanza. Hakuna meza inayobishana juu ya hilo, wala haifai kubishana. Huu ni mji uliopoteza watu 272 katika feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, na mtu wa kusini mwa kisiwa anataka kujua kama atavuka jioni. Suala ni kipi kitoke. Karibu kila meza huondoa mikoko kwa sekunde 30, sawa kabisa, kisha huondoa maji ya Kisauni kwa sekunde 60. Habari ya maji ilikuwa na sauti ya mama anayenunua mitungi, ilikuwa na idadi kubwa ya watu kuliko zote, na ilikuwa karibu. Ilianguka swali la kwanza tu: leo hakuna kilichobadilika. Jana mabomba yalikuwa makavu na leo ni makavu vilevile.

Mkufunzi halifungi zoezi hapo. Anataka sababu iliyoandikwa nyuma ya kila kikaratasi kilichoachwa. Mtindo huo unatokana na utafiti wa David Manning White wa mwaka 1950: mhariri mmoja wa gazeti la Marekani alihifadhi kwa wiki nzima habari za mashirika ya habari alizozikataa na kuandika sababu. Alitumia takriban sehemu moja ya kumi tu ya alizopokea, na sababu zake zilikuwa mchanganyiko wa ukosefu wa nafasi na mapendeleo yake mwenyewe. Vikaratasi vya Mombasa vikigeuzwa husomeka hivyohivyo: "haina jipya", "imezoeleka", "nafasi imeisha". Neno "imezoeleka" likishasomwa kwa sauti mbele ya watu 18, kila mmoja anaona lilivyo zito. Kwa thamani ya fedha, saa hiyo moja inalipa ada yote.

Somo la uthibitishaji lina nusu ya nguvu hiyo lakini ni la matumizi ya moja kwa moja. Hatua ni nne. Mtafute aliyepiga picha, si aliyeisambaza. Itafute picha kwa injini ya utafutaji uone kama iliwahi kutumika zamani. Video za kivuko za miaka iliyopita hurudi kila feri inapokwama. Angalia alama: jina la chombo ubavuni, mabango, vivuli kulingana na saa inayodaiwa. Halafu piga simu mbili, moja kwa aliyeshuhudia na moja kwa mwenye mamlaka, na usikubali wote wawili wawe wamesoma kundi lilelile la WhatsApp. Kosa la mwisho ndilo linalowaangusha wengi: vyanzo viwili vilivyokunywa kisima kimoja huhesabiwa kuwa viwili.

Siku ya pili inashughulikia kijiji cha Owino Uhuru, na kazi iliyofanywa hapo ni ya heshima. Kila mshiriki hupewa ukurasa mmoja wa tarehe. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi kando ya kijiji hicho cha Mikindani kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyewaongoza wakazi kudai haki, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Swali la mkufunzi ni fupi: katika miaka hii yote, habari ilikuwa siku gani?

Darasa huanza kwa kutaja tarehe za mahakama na tuzo. Baada ya nusu saa mtu hugundua kuwa madini ya risasi hayakuwa yakisubiri tarehe. Yaliingia kwenye damu ya watoto Jumanne na Jumatano za kawaida, siku ambazo zisingepita hata moja ya yale maswali sita. Hapo mkufunzi anafundisha namna ya kulipatia jambo la polepole sababu ya kusikika leo: kulipima. Chagua nyumba kumi, andika bei ya mtungi wa lita 20 kila Jumatatu kwa wiki nne, na wiki ya tano una mabadiliko yenye tarakimu. Ulizia maji yanatoka wapi. Mombasa hutegemea vyanzo vilivyo nje ya kaunti, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, kwa hiyo bomba likikauka Kisauni jibu linaweza kuwa maili nyingi kutoka hapo. Andika ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Siku ya 21 ikifika, majibu ni habari, na ukimya pia ni habari, maana sasa kuna kitu kilichotakiwa kutokea leo na hakikutokea.

Baada ya mafundisho hayo, kalenda inayogawiwa mwishoni inasikitisha. Imejaa siku za kimataifa: siku ya maji, siku ya redio, siku ya bahari. Hizo huzalisha hotuba na fulana. Tarehe zenye meno hazimo. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kaunti hupeleka waraka wa mkakati wa fedha kwenye bunge la kaunti ifikapo 28 Februari, makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo 1 Septemba. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita ya kukamilisha ripoti zake, yaani mwisho wa Desemba. Anayetaka kujua kama bomba la mtaa wake lilitengewa fedha, tarehe hizo ndizo mlango wake. Aliyepanga kalenda hii angeweza kuziweka kwa mistari mitano.

Pengo la pili ni pesa, na ni kubwa zaidi. Suala la malipo linapewa dakika 20 za mwisho, watu wakishaanza kukunja daftari. Koresponda wengi wa Pwani hulipwa kwa kila habari inayochapishwa au kurushwa, wala hawana mshahara. Mtu huyo akipima habari mbili, hotuba ya hotelini iliyo tayari na inayokuja na nauli ndani ya bahasha, na maji ya Kisauni yanayohitaji safari tatu kwa matatu bila hakika ya kuchapishwa, maswali sita hayamsaidii kitu. Uamuzi umeshafanywa na mfuko wake kabla mhariri hajaamka. Bahasha inakatazwa na maadili ya kazi, na mkufunzi anasema hivyo, lakini hasemi la kufanya: mhariri alipe nauli ya habari alizoziagiza hata zisipotumika, na kila habari iliyotokana na mwaliko iwekewe alama kwenye orodha ya kikao cha asubuhi ili ijulikane ngapi zimeingia kwa mlango huo. Vivyo hivyo kwa kampuni kubwa inayolipia matangazo ya biashara, ambayo malalamiko ya wateja wake hayafiki hewani. Darasa la watu wazima lilistahili nusu siku ya mjadala huu, na zoezi la vikaratasi lingeweza kurudiwa kila kikaratasi kikiwa na gharama yake nyuma: nauli, saa, nani analipa.

Mambo madogo. Kijitabu ni kurasa 14 za Kiswahili safi, na kinasomeka hata kwa asiyewahi kuingia darasa la uanahabari. Projekta haihitajiki, kwa hiyo umeme ukikatika somo linaendelea; feni ndizo zinazokosekana, na ukumbi ni wa joto kuanzia saa saba. Mahamri na mbaazi za chai zinatosha.

Kwa anayeendesha ukurasa wa mtaa au redio ya jamii, ada hii inafaa, hasa kwa siku ya kwanza na zile saa mbili za Owino Uhuru. Ripota mwenye miaka mitano kazini ataifahamu hesabu ya sekunde, lakini zoezi la kuandika sababu nyuma ya kikaratasi halitamwacha alivyokuja. Njoo na orodha ya habari zako kumi za mwisho, tarehe na namna kila moja ilivyokufikia, maana mkufunzi huitaka asubuhi ya pili na asiye nayo hukaa akitazama wenzake. Kuhusu kalenda, chukua ile waliyokupa, geuza nyuma, na uandike zile tarehe za bajeti mwenyewe.