Nilivyorejeshewa kodi ya mapato mtandaoni, na mahali nilipokaribia kutapeliwa

Mwaka ule nilifanya kazi ya mshahara miezi 7 tu, kisha mkataba ukaisha. Kila mwezi mwajiri alikuwa akinikata kodi kana kwamba nitalipwa hivyo hivyo mwaka mzima. Viwango vya kodi ya mapato hupanda kadiri kipato kinavyopanda, kwa hiyo ukikatwa kama mtu wa miezi 12 nawe umepata mshahara wa miezi 7, umelipa kuliko unachodaiwa. Hiyo tofauti ni fedha yako, si hisani ya mtu. Ninao wenzangu walioacha kazi katikati ya mwaka ambao mpaka leo hawajaidai, na inaniuma.

Nilipokuwa bado natafuta hati ya makato kutoka kwa mwajiri, ujumbe ukaingia kwenye simu: ombi lako la kurejeshewa kodi limekubaliwa. Kiasi kimeandikwa mpaka senti ya mwisho, chini yake linki, na onyo kwamba baada ya saa 24 nafasi inafungwa. Wiki nzima nilikuwa nikiwaza fedha hiyo hiyo, basi nikabonyeza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na nembo ya mamlaka ya kodi, rangi zake, na ile alama ya kufuli karibu na anwani. Nikajaza jina. Nikajaza tarehe ya kuzaliwa. Kisha wakaniomba namba ya kadi ya benki, tarehe ya kuisha kwake, na zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi.

Hapo mkono ukasita. Tarakimu zile huombwa pale fedha inapotoka kwako. Anayetaka kukuwekea fedha benki anahitaji jina lako, namba ya akaunti na utambulisho wa benki yako, basi. Nikarudi juu kuisoma anwani taratibu. Jina la mamlaka lilikuwepo, lakini mwanzoni tu. Lilifuatwa na nukta, kisha neno jingine lenye kistari, na mwisho wake haukuwa ule wa tovuti za serikali. Kwenye anwani, mwenye nyumba hutajwa mwishoni, kabla tu ya mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Yaliyotangulia anaweza kuyaandika yeyote apendavyo. Na ile kufuli? Inaonyesha tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasomeki njiani. Tapeli naye anaweza kuipata, tena bure.

Jambo lililokuwa wazi kuliko yote nililiona baadaye: nilikuwa sijatuma ombi lolote! Walikuwa wamekubali nini?

Nilifunga ukurasa, nikabadilisha nywila ya barua pepe yangu, nikaipigia benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, kisha nikautuma ujumbe ule kwa mamlaka wakaujue.

Huduma halisi niliifungua siku iliyofuata kwa kuandika anwani mwenyewe, herufi kwa herufi, kama ilivyochapishwa kwenye barua rasmi niliyokuwa nayo. Sikupitia kwenye injini ya utafutaji, kwa sababu majibu ya juu kabisa mara nyingi huwa matangazo ya kulipiwa, na matapeli nao hulipia. Nilitumia intaneti ya nyumbani. Jambo la kwanza ndani ya akaunti lilikuwa kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa pia namba inayotumwa kwenye simu yako.

Kujaza ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka, kwenyewe hakukunisumbua. Mapato na makato ya mwajiri yalikuwa yameshaingizwa na mfumo; nikayalinganisha na hati yangu mstari kwa mstari, yakalingana. Kilichonichosha ni kwamba ukikaa kimya dakika chache tovuti inakutoa, na usipohifadhi kila ukurasa, unaanza upya. Mimi nilianza upya mara 2. Halafu ombi likarudishwa kwa sababu jina la akaunti ya benki nililifupisha, wakati kwenye usajili wa kodi lipo kamili. Kosa dogo, wiki 2 zikapotea. Hakikisha majina yanafanana kabla hujabonyeza kutuma, na namba ya kupokelewa kwa ombi uinakili mahali salama, maana bila hiyo hata ufuatiliaji unakuwa mgumu.

Katikati ya kusubiri, jamaa mmoja alijitolea kunifuatilia kwa asilimia fulani, mradi nimpe nywila. Nilikataa. Mwenye nywila anaweza kubadilisha akaunti ya kupokelea, na fedha ikaenda kwake bila wewe kujua. Mshauri wa kodi aliyesajiliwa huingia kwa akaunti yake mwenyewe, baada ya wewe kumruhusu. Siku nyingine akanipigia mtu mwenye sauti ya upole akijitambulisha kuwa wa mamlaka, akataka nimsomee namba ya uthibitisho iliyokuwa imeingia kwenye simu yangu muda uleule. Nikakata, nikaingia mwenyewe kwenye tovuti. Hali ya ombi: linashughulikiwa. Hakukuwa na taarifa nyingine yoyote.

Fedha iliingia wiki ya 9. Taarifa ya uamuzi ilikuja ndani ya akaunti yangu ya kodi, na hesabu yake inasomeka: mapato, kodi iliyostahili, kodi iliyokatwa, tofauti. Hakuna kilichokatwa njiani. Huduma hii naipa alama 4 kati ya 5. Ile moja naizuia mpaka waache kumtoa mtu nje huku bado anajaza.