Vespa PX 125: uzoefu wangu na chombo alichokichora mhandisi wa ndege

Vespa PX 125, skuta ninayoiendesha, niliinunua mitumba kwa mtu binafsi hapa Pisa, Italia, na ndiyo inayonipeleka kazini na sokoni. Tathmini hii inahusu zaidi umbo na mpangilio wake kuliko nguvu zake, kwa kuwa anayetaka kasi atapata pikipiki nyingi za kumridhisha zaidi, na kwa sheria za Italia, hadi mwaka 2024, chombo chenye injini ya sentimita za ujazo 125 hakikuruhusiwa hata kuingia kwenye barabara kuu za kulipia.

PX ilitoka mwaka 1977, lakini mambo yanayoifanya iwe Vespa yalikwishaamuliwa katika hati miliki iliyowasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946: bodi ya bati ambayo yenyewe ndiyo fremu, iliyoungana na fenda, na kifuniko kinachoificha mitambo yote. Mchoraji wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na helikopta aliyoiunda iliweka rekodi za dunia huko Roma mwaka 1930. Pikipiki hakuzipenda. Aliziona ni chafu, hazikaliki vizuri, na zinamtesa mwenyewe kila tairi linapopata pancha. Anayeiendesha PX kila siku atatambua kwamba malalamiko hayo matatu ndiyo yaliyolichora umbo lake, kuliko nia yoyote ya kupendeza macho.

Chukua pancha kwa mfano. Gurudumu la mbele halikushikwa na uma wa pande mbili kama kwenye pikipiki za kawaida, bali limebebwa na mkono mmoja tu wa upande, wazo ambalo D'Ascanio alilitoa kwenye magurudumu ya ndege. Kwa hiyo gurudumu hutoka kama la gari: unafungua nati tano, unalivuta, unaweka la akiba ambalo limekaa chini ya kifuniko cha kushoto, na hilo moja linafaa mbele na nyuma. Rimu nayo ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, hivyo fundi huitenganisha akabadilisha mpira wa ndani bila kuhangaika na vyuma vya kubandulia tairi. Nilipokutwa na msumari njiani, kazi yote ilimalizika kwa spana, na mikono ilichafuka kidogo tu.

Uchafu ulitatuliwa kwa kuondoa cheni. Injini imefungwa palepale kwenye gurudumu la nyuma na kulizungusha kupitia gia zake yenyewe, kwa hiyo hakuna grisi inayorukia suruali, na kwa kuwa injini hupozwa kwa feni, foleni ya mjini haiisumbui. Gia hubadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto wa usukani pamoja na klachi. Mwanzoni kiganja huchoka, kisha huzoea. Sehemu ya kuweka miguu iko wazi, ngao ya mbele huzuia maji ya barabarani, na mtu hupanda bila kurusha mguu. Mimi ni mtu wa Zanzibar, na sikuhitaji kusoma historia ili kujua kwamba chombo hiki hukubaliana na kanzu.

Thamani ya nafasi hiyo iliyo wazi niliielewa vizuri zaidi katika makumbusho ya Piaggio, kampuni inayounda Vespa, huko Pontedera, yaliyofunguliwa mwaka 2000 ndani ya karakana ya zamani ya kiwanda, na ambayo nampendekezea kila mwenye Vespa. Humo imo MP5, skuta ya majaribio iliyotangulia, ambayo wafanyakazi waliibandika jina la Paperino, yaani jina la Kiitaliano la Donald Duck, bata wa katuni. Ina mgongo katikati, hivyo mpandaji hulazimika kuupitisha mguu juu yake, na umbo lake lina uzito fulani wa kusikitisha. Enrico Piaggio, aliyekuwa na kiwanda cha ndege kilichobomolewa na mabomu na wafanyakazi waliohitaji kazi, hakuridhika nayo, ndipo akampa D'Ascanio jukumu la kuanza upya. Mwaka 1946 ziliuzwa Vespa zisizofika 2,500. Kufikia mwaka 1956 zilizoundwa zilikuwa milioni moja. Msomaji wa Dar es Salaam naye amekwishapanda urithi huo: Ape ya magurudumu matatu ya mwaka 1948 ni mchoro wa D'Ascanio huyohuyo, na kampuni ya Bajaj ya India iliingia katika biashara ya vyombo vya aina hiyo kwa leseni ya Piaggio.

Mpangilio huo una gharama zake. Injini iko upande wa kulia, na ukilegeza mikono utahisi uzito ukivuta upande huo. Magurudumu ya inchi 10 huhisi kila jiwe la mitaa ya zamani ya Pisa, na kwenye kona yenye mchanga yanataka adabu. Breki ya mbele ya dramu, iliyomo kwenye PX za zamani, hudai umbali mrefu wa kusimama kuliko diski, kwa hiyo breki ya nyuma, inayokanyagwa kwa mguu wa kulia, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Injini ni ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli. Moshi na harufu yake si kila jirani atavipenda, na kwa ulaji wa mafuta skuta za kisasa huishinda.

Kwa safari za mjini, zisizozidi kilomita ishirini au thelathini kwa siku, naipendekeza bila kusita, hasa kwa anayependa kushika spana mwenyewe. Kwa anayesafiri mbali, au anayebeba abiria kwenye milima kila siku, PX 200, yenye injini kubwa zaidi, ingemfaa zaidi. Ukienda kuitazama ya kununua, usidanganywe na rangi mpya: kwa kuwa bati ndiyo fremu, kutu ya sakafuni ni jambo zito kuliko injini iliyochoka. Nyanyua zulia la mpira, kisha uilaze upande uitazame kwa chini, hasa pale sakafu inapokutana na ngao na mahali breki ya mguu ilipofungwa.