Entebbe hadi Dar na mtoto mapajani: nyota tano kwa wahudumu, moja kwa wakala

Mimi ni dereva wa gari la kukodi hapa Entebbe, stendi yangu ni Kitooro, na riziki yangu kubwa ni kupeleka watu uwanja wa ndege na kuwapokea. Nje ya uwanja ule hakuna kona nisiyoijua. Ndani sikuwahi kupita mlango wa abiria mpaka juzi juzi, tulipompeleka kifungua mimba wetu Dar es Salaam akaonwe na bibi yake mzaa mama. Abiria wenye watoto wachanga huniuliza maswali njiani, nami siku zote nilikuwa nawajibu ya kusikia. Leo nina ya kwangu. Shirika tulilopanda silitaji, na wakala aliyetukatia tiketi simtaji vilevile, maana ugomvi wetu naye haujaisha.

Shemeji zangu waliuliza kwa nini tusipande basi. Kutoka Kampala, upite Masaka na Mutukula au uzungukie Kenya, ni usiku na mchana na bado hujafika. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Mjadala ukaishia hapo.

Nianze na wakala, kwani hasira iko kwake. Ofisi yake iko Kampala katikati ya mji, ghorofani, feni inazunguka, na chai ya tangawizi unaletewa kabla hujaomba. Ile nyota moja ni ya chai. Tulimweleza bayana kwamba sisi ni watu wazima wawili na mtoto mchanga, kwenda na kurudi. Akatabasamu, akasema mtoto wa chini ya miaka miwili hana nauli, "huyo anakaa mapajani tu, msijali." Tukalipa, akatuchapia karatasi, tukashuka ngazi tukiwa na furaha zetu.

Kukaa mapajani ni kweli. Bure ndiyo si kweli. Safari za nje ya nchi, mashirika mengi humtoza mtoto wa mapajani karibu asilimia kumi ya nauli ya mtu mzima, na hata pasipo na nauli ni lazima awe ameandikwa kwenye tiketi. Siyo kwa ajili ya pesa peke yake. Barakoa za oksijeni zilizofichwa juu ya viti zina hesabu yake, na kwa kawaida kila upande wa safu huwa na moja tu ya ziada. Kwa hiyo watoto wawili wa mapajani hawawezi kuwekwa upande mmoja wa safu ileile. Wasipojua kwamba mtoto yupo, hawajui wamweke wapi, wala ukanda wake na jaketi lake la kujiokolea viandaliwe kwa nani. Na ndege ikiondoka Entebbe unaanza na ziwa Victoria chini yako; jambo la jaketi halikunichekesha hata kidogo.

Kipimo nilichotoka nacho ni hiki: wakala asipokuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, basi hajamwandika. Wetu hakuuliza hata kama ni wa kike au wa kiume.

Kaunta ya shirika alikuwapo dada mmoja mpole. Akapokea pasipoti tatu, akabonyeza, akabonyeza tena, halafu macho yake yakaenda kwenye mbeleko ya mke wangu. "Ssebo" (yaani bwana, kwa Kiganda), "tiketi ni mbili. Huyu mdogo hayumo." Nikampa karatasi ya wakala. Akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma na nyuma, kwa adabu ya mtu anayejua hakuna kitu humo. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akatuelekeza dirisha la tiketi, kule kuna foleni, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa anabadilisha safari ya ukoo mzima. Mke wangu akakaa juu ya sanduku akanyonyesha, mtandio begani, utadhani yuko barazani kwao. Tulilipa laki moja na ushee, shilingi za Uganda. Tuliporudi kaunta, watu wa mstarini wakatupisha bila kuombwa; mzee mmoja wa kanzu ndiye aliyewapangua. Yule dada akatutafutia viti viwili pamoja, akatubandikia mizigo, akamwita mwanangu "ssebo" pia. Yeye nampa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu kalamu yangu hajanirudishia.

Kama tusingefika saa tatu kabla ya ndege kuondoka, tungekuwa tumeikosa. Hili naliambia kila abiria wa Kampala na wengi wananiona natafuta sababu ya kuwaamsha: ukiwa na mtoto mchanga, saa tatu siyo tahadhari, ndiyo saa yenyewe. Lipeni ile barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe. Tangu tozo ianze Januari 2022 gari dogo ni shilingi 5,000, na kwa hesabu yangu ya udereva ni rahisi kuliko mtoto anayelia katikati ya foleni ya Kajjansi, kwenye barabara ya zamani. Jingine, ambalo wageni huwa hawalijui: kwenye kizuizi cha ukaguzi kabla ya kufika jengo la abiria, abiria wanashuka kupita kwenye mashine, dereva anapita na gari peke yake. Kama mtoto amelala kwenye kiti chake cha gari, ndiyo basi, mtamwamsha. Mwekeni kwenye mbeleko kabla ya hapo.

Na mbeleko ninayoisema ni kanga. Tulinunua pia kile kibebeo cha kisasa chenye vifungo na mikanda, duka moja la Kikuubo, Kampala, muuzaji akaapa kwamba wazungu wote wanasafiri nacho. Labda. Kwenye mashine ya ukaguzi kila kitu kinavuliwa, mtoto unampitisha mikononi. Kibebeo kilituchukua dakika nzima kukifungua, mtoto analia, na mikanda yake ikanasa kwenye trei. Upande wa pili tulipojaribu kukirudisha, kifungo cha bega kikang'oka kikabaki mkononi mwangu. Mke wangu hakusema neno. Akatoa kanga kwenye mkoba, akainama, akamrusha mtoto mgongoni, fundo moja kifuani, akatangulia. Kibebeo kile: nyota sifuri, na nimeshamgawia jirani aning'inizie vitunguu.

Maji na maziwa havikuwa tabu. Ile sheria ya kutobeba kimiminika cha zaidi ya mililita 100 haishiki chakula cha mtoto cha kutosha safari. Chupa ya maziwa aliyokamua mke wangu waliinusa kwa kifaa chao wakaturudishia. Anayetumia maziwa ya kopo, unga abebe mkavu, maji ya moto aombe ndani ya ndege.

Makaratasi nitayapita haraka. Mtoto lazima awe na pasipoti yake mwenyewe. Ada yake Uganda ni shilingi 250,000 kama ya mtu mzima, na mtoto anapelekwa mwenyewe kupigwa picha. Kazi ni kumpata akiwa macho na hajashika pua ya mpiga picha. Bebeni na cheti cha kuzaliwa. Mzazi anayesafiri peke yake abebe na barua ya ridhaa ya mwenzake, hata kama ndoa ni tamu namna gani. Sisi tuliahirisha safari mpaka mtoto apate chanjo ya wiki ya 14, ili asikose sindano tukiwa ugenini, na mke wangu akaunganisha siku zake 60 za likizo ya uzazi na likizo ya mwaka. Kadi ya homa ya manjano sisi wawili tulionyesha tulipofika Dar. Mtoto hakuulizwa, kwa kuwa sharti hilo linaanzia umri wa mwaka mmoja.

Wenye watoto waliitwa kupanda mwanzo. Wenzangu wote wanasifu utaratibu huu, mimi siupendi. Ukipanda kwanza unakaa na mtoto kwenye joto huku abiria wote wanapita na mikoba yao juu ya kichwa chake. Kama mko wawili, mmoja atangulie na mizigo, wa pili abaki na mtoto nje mpaka mwisho.

Sasa wahudumu. Hawa ndio wamenifanya niandike. Hatujakaa sawasawa, kaka mmoja wa ndani ya ndege alishakuja na ukanda mfupi wa mtoto, akaupitisha kwenye ukanda wa mama, akamfunga mtoto kiunoni akimtazama mama yake. Akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba kwenye kanga hawezi kubaki wakati wa kuruka na kutua: mama akirushwa mbele, atambana mwanawe. Akauliza ananyonya au anatumia chupa. Akasema, "Wakati wa kupaa sina wasiwasi naye. Nitakuja kuwaambia wakati wa kushuka." Nikadhani ni maneno ya kazini.

Kuna rubani mmoja huwa namchukua, na alishanieleza jambo hili tukiwa kwenye foleni, wala sikulitia maanani. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inakazwa ifanane na ya mlima wa mita kama 2,400 hivi kwa juu kabisa. Entebbe yenyewe tayari iko mita kama 1,150 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtoto wa Entebbe akipaa, masikio yake yanapanda kilima cha nusu tu. Dar iko baharini. Akishuka kule, anateremka kilima kizima. Isitoshe kile kimrija kinachounganisha sikio na koo hupitisha hewa kwa urahisi ndege ikipaa, ila ikishuka hujibana, mpaka mtu ameze ndipo kifunguke. Mtu mzima anapiga mwayo. Mtoto wa miezi mitatu hana akili hiyo. Anameza anaponyonya, au analia.

Kupaa, kweli, hata hakushtuka. Alilala kabla mawingu hayajaisha. Katikati ya safari nikambadilisha pampasi chooni, kwenye kimeza kinachokunjuliwa ukutani, mlango umenibana mgongo na kiwiko kiko kwenye sinki. Yawezekana. Msiingie na mkoba wote: pampasi moja, vitambaa vya maji, mfuko wa plastiki, basi.

Halafu yule kaka akaja. Rubani hata hajatangaza. Akachuchumaa kwenye ujia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tunaanza kushuka. Mwamshe anyonye."

Mke wangu akanitazama. Mzazi yeyote anaelewa: mtoto amelala fofofo, ndege nzima imetulia, na mtu anakuambia mwamshe. Akasema, "Hapana. Akiamka atalia." Yule kaka hakubishana. Akasema tu kwamba aliyelala hamezi sana, na wengi wanaolia sana wakati wa kutua ni wale walioachwa walale. Nyuma yetu jjajja mmoja, yaani bibi mzee, aliyekuwa kimya tangu Entebbe, akanigonga bega kwa kidole: "Baba, mpeni ziwa!" kana kwamba ninalo mimi.

Tukamwamsha. Tukampapasa unyayo, akakunja uso, akafungua mdomo tayari kwa kilio, mama akamuwahi. Akavuta mara mbili akataka kurudi kulala. Nikamfuta shavu kwa kitambaa cha maji, akaendelea. Unamwona koo linavyopanda na kushuka. Safu za mbele mtoto mwingine, mkubwa kidogo, akaanza kupiga makelele na kujishika sikio, na babake akamtikisa tu, hajui. Yule kaka akaenda kwao na kikombe cha maji na mrija. Wetu alinyonya mpaka magurudumu yakagusa lami, kisha akacheua kwenye suruali yangu.

Mimi nimebeba abiria miaka mingi, na najua huduma ya kusoma kwenye kitabu na huduma ya mtu aliyekushika akilini. Alikuwa na ndege nzima ya kuhudumia, akatukumbuka kwa wakati wake. Nilimwandikia shirika barua pepe ya kumsifu usiku uleule. Nyota tano, na kama angekuwa kwenye stendi yetu ningemwachia zamu yangu.

Jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere ni pana na la baridi, ila toka nje uone joto. Mvueni mtoto soksi na kofia mkiwa bado ndani. Bibi yake alikuwa amesimama mbele ya madereva wote wenye vibao.

Kurudi kulikuwa rahisi zaidi, na sasa unajua sababu: kilima cha kushuka Entebbe ni kifupi. Hata hivyo tulimnyonyesha. Tiketi ya kurudi ilishaandikwa jina lake siku ile ya dirishani, kwa hiyo kaunta hatukukaa. Kama mtoto ana mafua au amepatwa na maumivu ya sikio, muoneni daktari kwanza, maana kimrija kile kikiziba hata ziwa halisaidii.

Wakala nimempigia. Anasema ile laki na ushee ni "ada ya shirika" na yeye haimhusu, nami namwambia kuwa sidai nauli, nadai ile ada yake ya huduma, kwa kuwa huduma sikuiona. Ameniambia nipite ofisini tuzungumze. Nitapita Jumatatu, na chai sinywi.